Andrew Foster na watoto waliofichwa: somo kwa makanisa ya Kasongo na Kabambare

Tukizungumza juu ya wamisionari wa zamani huku kusini mwa Maniema, jina la kwanza kutajwa ni David Livingstone. Wazee wa Kabambare wanajua kwamba alikwama huko miezi mingi, mwaka 1870 na mwanzo wa 1871, miguu yake ikiwa na vidonda. Leo tunataka kusimulia maisha ya mtumishi mwingine, ambaye wengi wetu hatukufundishwa habari zake katika shule ya Jumapili. Anaitwa Andrew Foster. Alikuwa Mmarekani mweusi, na alikuwa kiziwi. Alizunguka Afrika kwa miaka thelathini akiwatafuta watoto wasiosikia, na alikufa karibu nasi, katika nchi jirani ya Rwanda.

Tunamsimulia kwa sababu katika parokia zetu, kuanzia Kasongo mjini hadi Salamabila, kuna familia zenye watoto wasiosikia. Wengine tunawajua. Wengine hatuwajui, kwa kuwa hawaletwi kanisani. Na mara nyingi wachungaji wetu na wamama wa kanisa wanapofika kwenye familia hizo hawajui waseme nini. Maisha ya Foster yanatusaidia kujua pa kuanzia.

Kijana aliyeamka bila kusikia

Andrew Jackson Foster alizaliwa tarehe 27 Juni 1925 huko Ensley, karibu na mji wa Birmingham, katika jimbo la Alabama. Baba yake alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe. Wale wenye ndugu katika migodi ya Namoya wanaweza kuelewa maisha ya nyumba ile: kazi ngumu, vumbi, na mshahara usiotosha. Zaidi ya hayo, Alabama ya wakati ule ilikuwa na sheria za kuwatenga watu weusi shuleni, kwenye mabasi, na hospitalini.

Mwaka 1936, Andrew alipokuwa na miaka 11, yeye na ndugu yake walishikwa na homa ya uti wa mgongo. Walipona, lakini masikio yao yalikuwa yamekufa. Wazazi walikuwa na watoto wawili waliosema na kusikia kama wengine, na katika majuma machache wakajikuta na watoto wawili viziwi. Hakuna mzazi anayetayarishwa kwa jambo kama hilo.

Waliwapeleka kwenye shule ya watoto weusi viziwi na vipofu huko Talladega. Shule hiyo iliwafundisha watoto weusi hadi darasa la sita tu. Kijana mweusi kiziwi aliyetaka kuendelea hakuwa na mahali pa kwenda. Alipofika miaka 17 Foster alihamia kwa shangazi yake katika jimbo la Michigan, upande wa kaskazini, akitumaini kuingia shule ya sekondari. Huko pia mlango ulifungwa, kwa sababu wazazi wake hawakuwa wakaaji wa jimbo hilo.

Hakurudi nyuma. Alifanya kazi kiwandani mchana na kusoma usiku. Alipata cheti cha uhasibu mwaka 1950, na mwaka uliofuata akamaliza sekondari kwa masomo ya posta. Katika miaka hiyohiyo alikuwa amempokea Yesu na kushiriki katika kanisa huko Detroit, na habari alizozipata kwa mmisionari kutoka Jamaika zilimtia moyo wa kuwatumikia wengine.

Aliomba kuingia Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington. Alikataliwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya rangi yake. Aliendelea kuandika barua hadi akakubaliwa mwaka 1951 na kupewa msaada wa masomo. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata digrii katika chuo hicho. Baada ya hapo alipata digrii nyingine mbili, moja ya elimu huko Michigan na nyingine ya utume wa Kikristo huko Seattle.

Tunataja hayo yote ili wazazi waone jambo moja. Mtu huyu alikataliwa mara nyingi, na kila aliyemkataa alikuwa na sababu aliyoiona kuwa nzuri: sheria, rangi, anwani ya wazazi, masikio. Kama nyumbani kwao nao wangemkataa, habari yake ingeishia hapo.

Waliomwambia hakuna viziwi

Mwaka 1956 Foster alianzisha shirika la utume kwa viziwi wa Afrika. Mwaka 1957, mwaka uleule Ghana ilipopata uhuru, alifika Accra. Alipouliza juu ya watoto viziwi, watu walimjibu kwamba hawapo. Hakuridhika na jibu hilo. Alijua kwamba homa ya uti wa mgongo na surua haziulizi mpaka wa nchi. Kama watoto hawaonekani, basi wapo mahali wasipoonekana.

Aliwatafuta, na akawapata. Walikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya jikoni, mashambani na bibi zao. Wengine hawakuwa na jina ila lile la ububu wao. Wazazi hawakuwaficha kwa sababu ya ukatili peke yake. Walikuwa na aibu, waliogopa maneno ya majirani, na waliogopa kwamba dada zake mtoto hawataolewa. Wengine waliamini ni laana, au deni la ukoo ambalo halikulipwa. Wengine walimpenda mtoto sana, na kumficha ndiyo njia waliyoijua ya kumlinda asichekwe na asipigwe.

Hapo ndipo kazi ya Foster ilipoanzia. Hakuwa na jengo. Alianza kufundisha katika madarasa ya kuazima, baada ya wanafunzi wengine kwenda nyumbani. Mwaka 1959 shule ilipata makao huko Mampong-Akuapem, watoto wakaweza kulala shuleni. Lakini kabla ya mtoto kufika darasani ilibidi mzazi akubali kumtoa nje. Na mzazi alikubali alipoona kitu ambacho maneno matupu hayawezi kuonyesha: mtu mzima, mweusi kama yeye, kiziwi kama mtoto wake, amevaa vizuri, anasoma, anaandika, anaomba kwa Mungu, anaongoza kazi.

Huo ndio ushauri wa kwanza ambao Foster alizipa familia za Afrika. Aliutoa kwa kufika mlangoni kwao.

Mikono inayosema

Katika miaka ile wataalamu wengi walishikilia kwamba watoto viziwi wasifundishwe ishara. Mkutano wa walimu uliofanyika Milan mwaka 1880 uliamua kwamba mtoto kiziwi afundishwe kusoma midomo na kutamka tu, na shule nyingi za dunia zilifuata. Watoto walikatazwa kutumia mikono. Foster alikataa njia hiyo. Alijua kwa mwili wake mwenyewe kwamba mtoto asiyesikia anahitaji lugha anayoweza kuiona, na anaihitaji mapema, kabla akili yake haijakaa gizani miaka mingi. Alitumia ishara, maandishi, midomo, picha, chochote kilichofikisha maana.

Kutoka Ghana alikwenda Nigeria, ambako mwaka 1960 alianzisha kazi Ibadan, kisha Enugu na Kaduna. Mwaka 1959, katika mkutano wa dunia wa viziwi huko Wiesbaden, Ujerumani, alikutana na Berta Zuther, Mjerumani kiziwi. Walioana mwaka 1961 na kupata watoto watano. Kwa sehemu kubwa ya ndoa yao Berta alibaki na watoto wakati mume wake akisafiri miezi mingi kila mwaka. Tunapomsifu Foster tumkumbuke na mama huyu.

Tangu mwaka 1974 Foster aliendesha huko Ibadan mafunzo kwa watu kutoka nchi zinazosema Kifaransa. Wengi wao walikuwa viziwi wenyewe, naye aliwatayarisha wawe walimu na viongozi katika nchi zao. Hivyo kazi ilifika Togo, Benin, Kameruni, Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Burundi, na nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule. Kwa jumla anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa shule 32 katika nchi 13. Ishara zinazotumiwa leo katika shule nyingi za viziwi za Afrika ya Kifaransa, hata Kongo, zina mizizi yake katika mafunzo yale.

Hatutaki kusema kwamba kila alichofanya kilikuwa kamili. Ishara alizoleta zilitoka Marekani, na mahali pengine zilifunika ishara ambazo wenyeji walikuwa nazo. Katika kijiji cha Adamorobe, si mbali na Mampong, tangu zamani walizaliwa viziwi wengi, na kijiji kilikuwa na lugha yake ya ishara. Wanaosikia nao waliitumia kuzungumza na ndugu zao. Hilo linatufundisha sisi wa Maniema. Tunapoingia katika nyumba ya familia yenye mtoto kiziwi, tusidhani kwamba hapo hakuna lugha. Mara nyingi mama, bibi na watoto wa nyumbani wana ishara zao: ya maji, ya shamba, ya baba amerudi, ya nyoka. Mshauri mwema huanza kwa kujifunza ishara hizo na kuziheshimu. Ishara za shule zinakuja juu ya msingi huo.

Mwisho wake karibu nasi

Tarehe 3 Desemba 1987 Foster alikuwa Rwanda katika safari zake za kazi. Ndege ndogo aliyopanda ilianguka, karibu na Gisenyi, naye akafa pamoja na wengine. Alikuwa na miaka 62. Gisenyi iko ng'ambo tu ya Goma. Mtu aliyezaliwa Alabama alimaliza safari yake katika milima tunayoijua.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1992, Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 3 Desemba kuwa siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu. Siku hiyo haikuwekwa kwa ajili yake. Lakini kwa kanisa ni rahisi kukumbuka mambo mawili kwa tarehe moja.

Tufanye nini Kasongo na Kabambare

Tukiri kwanza. Katika makanisa yetu tumefanya mambo ambayo hayakusaidia. Tumemweka mtoto kiziwi katikati ya mkutano, tumemwekea mikono, tumempigia kelele masikioni, na aliposhindwa kusikia tumemwambia mama yake kwamba imani yake ni ndogo. Wengine wamepelekwa katika vyumba vya maombi na kufungishwa kula. Wengine wameitwa wachawi. Mama ameachwa na mume kwa sababu ukoo ulisema tumbo lake ndilo lenye kosa. Haya yamefanyika kwa jina la Bwana, na Bwana hakufanya hivyo.

Tusome tena Marko 7:31-37. Watu walimletea Yesu kiziwi mwenye kusema kwa shida. Jambo la kwanza Yesu alilofanya ni kumtoa katika mkutano na kumpeleka kando. Kisha akatia vidole vyake masikioni mwake, akagusa ulimi wake, akatazama mbinguni. Mtu yule hakuwa akisikia. Yesu alimwambia kwa mikono na kwa macho kile alichotaka kumfanyia, kabla ya kutamka neno Efatha. Aliingia kwanza katika lugha ya mtu yule. Uponyaji ni wa Mungu na sisi hatuushiki mkononi, lakini kumtoa mtu katika kelele za watu na kusema naye kwa njia anayoielewa, hayo tunaweza kuyafanya leo.

Kutokana na hayo, na kutokana na maisha ya Foster, tunapendekeza mambo yafuatayo kwa wachungaji, Mama Pasta, mashemasi na walimu wa shule ya Jumapili.

Kwanza, twende nyumbani. Tusimwite mama ofisini mwa kanisa kama mshitakiwa. Twende jioni, watu wawili, mmoja wao awe mama. Tukae tulipoonyeshwa, tule tulichopewa. Tusalimie wakubwa kabla ya kutaja mtoto. Katika koo zetu mtoto si wa baba na mama peke yao. Babu, bibi, shangazi na wajomba wana neno. Kama babu hakuhusishwa, yote tuliyokubaliana na mama yanaweza kuvunjwa kesho yake. Tuseme lugha ya nyumba ile. Kama bibi anaelewa vizuri zaidi Kibangubangu au Kizimba, tutafute mtu wa kusema naye katika lugha hiyo.

Pili, tusikilize kabla ya kufundisha. Familia ina maelezo yake: mahari haikumalizika, mtu alitupa neno baya wakati wa mimba, mama alivuka mto siku isiyofaa. Tusicheke na tusikasirike. Mtu akichekwa hanyamazi tu, anafunga mlango. Tuulize mambo kwa utaratibu. Mtoto alizaliwa vipi, je, alichelewa kulia? Aliugua nini? Je, alipata degedege, surua, homa kali? Masikio yalitoa usaha? Alidungwa sindano nyingi? Mara nyingi wakati wa kujibu maswali hayo, familia yenyewe inaanza kuona kwamba kulikuwa na ugonjwa. Hapo maelezo ya mshauri yanapokelewa, kwa kuwa yametoka katika simulizi lao wenyewe.

Tatu, tuseme ukweli juu ya sababu. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuua masikio, kama ilivyomtokea Foster. Surua na matubwitubwi vinaweza pia. Rubela ikimpata mama mwenye mimba inaweza kumharibu mtoto. Kuzaliwa kwa shida, manjano kali ya mtoto mchanga, masikio yanayotoa usaha miaka mingi bila matibabu, na baadhi ya dawa zikitumiwa vibaya, vyote vina hatari. Kuna pia uziwi wa urithi ambao si kosa la mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Kasongo ina historia katika jambo hili. Katika miaka ya 1970 mradi wa afya wa Kasongo ulichunguza faida ya chanjo ya surua kwa watoto wadogo, na matokeo yake yalichapishwa na kusomwa na madaktari duniani mwaka 1981. Chanjo inayookoa uhai wa mtoto inalinda na masikio yake. Basi mhubiri asione haya kutangaza siku ya chanjo kutoka madhabahuni.

Nne, tumlinde mama na mtoto. Ukoo ukianza kutafuta mwenye kosa, tufungue Yohana 9. Wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Walawi 19:14 inakataza kumlaani kiziwi, ingawa hawezi kusikia laana hiyo. Na sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza na kuadhibu kumshitaki mtoto kwa uchawi. Mchungaji anayemwita mtoto mchawi anavunja neno la Mungu na sheria ya nchi kwa pamoja.

Familia nyingi hapa, hasa Kasongo, ni za Waislamu, au ni za mchanganyiko. Tusitumie ulemavu wa mtoto kuwavuta watu kanisani. Tuwahudumie kama majirani. Ikifaa, tuzungumze na imamu wa mtaa, ili mama asisikie jambo moja kwetu na jingine msikitini.

Tano, tuendelee kuomba, lakini tusiahidi. Tuombe pamoja na familia kwa sauti ya kawaida. Tusimwambie mzazi aache dawa au asiende hospitali. Masikio yanayotoa usaha yatazamwe na muuguzi, na tusimimine humo mafuta au maji ya majani. Na kama daktari akisema kusikia hakutarudi, kazi yetu haijaisha. Mzazi anahitaji muda wa kulia. Tukae naye. Atakapokuwa tayari tumsimulie juu ya kijana wa Alabama.

Sita, nyumba yote ijifunze kusema kwa mikono. Familia nyingi za vijijini ziko mbali na shule ya viziwi. Hata hivyo, kazi inaweza kuanza leo jioni. Mguse mtoto begani kabla ya kusema naye. Kaa mbele yake, palipo na mwanga. Mwonyeshe kitu, fanya ishara, ngoja aifanye na yeye. Kaka na dada zake watajifunza haraka kuliko wakubwa. Mpe jina la ishara, alama ya heshima inayomhusu yeye, na tuache kumwita Bubu. Apewe kazi kama wengine, aonywe akikosa, apongezwe akifanya vema. Injili ya Luka 1 inatuambia kwamba Zakaria alipokuwa bubu, jamaa zake walimfanyia ishara kumwuliza mtoto aitwe nani, naye akajibu kwa kuandika. Jamaa wale hawakuamua bila yeye. Walimwuliza kwa ishara, wakangoja jibu lake.

Saba, tupange mapema kwa siku ya hatari. Hili ni zito kwa ndugu zetu wa Kabambare, ambao wamekimbia vita mara nyingi. Mtoto kiziwi hasikii risasi. Hasikii mama akiita usiku. Hasikii askari anapomwamuru kusimama, na anaweza kupigwa kwa kudhaniwa anatoroka. Kila nyumba yenye mtoto kama huyo ichague mtu mmoja, jina lake lijulikane, ambaye kazi yake ni kumshika mkono wakati wa kukimbia. Iwepo ishara moja ya hatari ambayo mtoto anaijua, na mahali pa kukutana alikokwisha kuonyeshwa mchana. Afundishwe kuinua mikono juu na kugusa sikio mbele ya mtu mwenye silaha. Wachungaji wawajulishe chifu wa kijiji na viongozi wa mtaa kwamba mtoto huyu hasikii. Wasichana viziwi wako katika hatari zaidi, kwa sababu mwovu anafikiri hawawezi kumshitaki. Wafundishwe ishara za mwili wao, na ishara ya kukataa, na wajue mtu mzima wa kumweleza.

Kuhesabu kabla ya 3 Desemba

Foster alipofika Accra aliambiwa hakuna viziwi. Tukiwauliza mashemasi wetu leo idadi ya watoto wasiosikia katika parokia, wengine watajibu vilevile. Tunaomba kila kanisa la mtandao wetu huku Kasongo na Kabambare lifanye jambo moja dogo kabla ya tarehe 3 Desemba ijayo. Wamama wa kanisa wapite nyumba kwa nyumba, kwa upole, wakisalimia kama kawaida, na waulize juu ya watoto wote wa nyumba, hata wale wasiokuja kucheza nje. Majina yasisomwe mbele ya watu. Yabaki kwa mchungaji na Mama Pasta, yawe mwanzo wa kutembelea.

Na Jumapili iliyo karibu na tarehe hiyo, familia hizo ziketi mbele, mahali mtoto anapoweza kuona mikono na uso wa mhubiri. Mtu mmoja asimame pembeni na kufanya ishara zile zinazojulikana nyumbani kwa mtoto: Mungu, kupenda, baba, njoo. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba imani huja kwa kusikia. Foster hakusikia kitu tangu miaka 11, na imani ilimfikia kwa maandishi na kwa mikono ya watu waliokubali kusema naye. Watoto wetu nao wanangoja mikono hiyo.

Tumwombe Mungu awatie nguvu wazazi walio na mzigo huu, awasamehe wale kati yetu walioongeza uzito wake, na atupe sisi sote macho ya kuwaona watoto waliofichwa karibu nasi. Amina.